Kuisikiliza Parallel Lines ya Blondie kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina mazoea ya kuwakalisha watu wawili watatu sebuleni na kuwawekea albamu moja, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, simu zikiwa mbali. Albamu hii ndiyo niliyoiweka mara nyingi kuliko zote, na maswali ni yaleyale kila safari. Nimeyapanga hapa kuanzia yale ya mgeni kabisa hadi yale ya mtu aliyekwisha kunasa.

## Kabla ya kuanza

Ni albamu gani hasa, na ya nani?

Parallel Lines ni albamu ya tatu ya Blondie, bendi ya New York. Ilirekodiwa Juni na Julai 1978 katika studio ya Record Plant jijini humo, ikatolewa Septemba mwaka huohuo na kampuni ya Chrysalis. Ina nyimbo 12, dakika 39 hivi kwa jumla. Jina lake maana yake ni mistari sambamba, ile ambayo hata uivute vipi haikutani.

Waingereza waliipokea kabla ya Wamarekani. Mwanzoni mwa 1979 ilikuwa namba moja Uingereza, na hakuna albamu iliyouzwa huko mwaka ule kuliko hiyo. Nyumbani Marekani ilifika namba 6.

Blondie ni yule dada mwenye nywele za dhahabu?

Hapana, na kosa hili ni la tangu enzi hizo. Blondie ni bendi ya watu sita: Debbie Harry mwimbaji, Chris Stein na Frank Infante kwenye magitaa, Nigel Harrison (Mwingereza pekee kati yao) kwenye besi, Jimmy Destri kwenye kinanda na Clem Burke kwenye dramu. Jina lilitokana na madereva wa malori waliokuwa wakimpigia Harry kelele barabarani kwa sababu ya nywele zake alizozipaka rangi. Alilichukua neno la kihuni akaliandika juu ya mlango wake.

Watu walivyozidi kudhani Blondie ni mtu mmoja, ilibidi vitengenezwe vibeji vya kuwatangazia kwamba Blondie ni kundi. Jambo hili linabadilisha namna ya kusikiliza. Ukimfuata Harry peke yake utapata nusu ya albamu. Nusu nyingine iko kwenye mikono ya Burke, na nitamrudia sana.

Huo muziki wa wimbi jipya ni upi?

New wave, yaani wimbi jipya, ni jina lililoanza kushika mnamo 1977 kwa bendi zilizozaliwa pamoja na panki lakini zikataka pia kuimbika. Panki ilikuwa imekata kila kilichozidi: solo ndefu, nyimbo za dakika kumi, madoido ya stejini. Wimbi jipya likabaki na ule ufupi na ile kasi, likarudishia kinanda, kiitikio kitamu na mdundo wa kuchezeka.

Blondie walianza 1974 na walikulia CBGB, baa nyembamba ya mtaa wa Bowery. Jukwaa hilohilo ndilo lililowatoa Ramones, Television, Talking Heads na Patti Smith. Kati ya wote hao, Blondie ndio waliokuwa hawaonekani kuwa na uzito wowote. Huo ndio utamu wa kisa chenyewe.

Je, lazima nianze na albamu zao mbili za kwanza?

Si lazima. Zipo, zina nyimbo nzuri, zirudie baadaye.

Bendi ya baa ilipataje sauti safi namna hii?

Kupitia Mike Chapman, mtayarishaji kutoka Australia. Yeye na mwenzake Nicky Chinn walikuwa wameandika vibao vya Sweet, Mud, Suzi Quatro na Smokie. Kama kwenu redio ilikuwa ikipiga Living Next Door to Alice siku za Jumapili, basi mkono wa Chapman umekwisha kukugusa, maana ni mmoja wa walioutunga.

Chapman alikuta bendi yenye mawazo mengi na utulivu kidogo. Akawakalisha. Kipande kisichokaa sawa kilirudiwa, kikarudiwa tena, hadi wengine wakachukia. Waliotoka CBGB walizoea kwamba ukikosea, kasi itafunika kosa. Kwa Chapman kosa lilisikika. Mimi naamini albamu hii ni matokeo ya mvutano huo. Nyimbo zina papara ya watu wa mtaani, lakini kila ala imekaa mahali pake kama sahani kabatini. Albamu ya pili, iliyotoka miezi michache tu kabla, haina nidhamu hiyo. Ukiziweka zote mbili jioni moja utadhani ni bendi mbili.

## Kuketi na kuisikiliza

Naweza kuruka moja kwa moja hadi Heart of Glass?

Unaweza, lakini nakuomba usifanye hivyo mara ya kwanza. Heart of Glass ni wimbo wa 10. Umetanguliwa na nyimbo tisa ambazo karibu zote ni gitaa na jasho, na ndiyo maana mdundo wake ukiingia unashtua. Mtu aliyeisikiliza albamu hii Septemba 1978 hakujua kama mdundo ule unakuja. Jitunzie mshtuko huo. Hauji mara mbili.

Nisikilize kwa simu au kwa spika?

Spika, hata kama ni ndogo. Besi ya Nigel Harrison inatembea sana, na spika ya simu inaimeza yote. Kama una vya masikioni tu, havina shida, na kwenye Fade Away and Radiate vitakufaa hata zaidi.

Kitu kimoja: zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Mpangilio wa albamu hii ulifanywa kwa santuri yenye pande mbili, nyimbo sita kila upande. Baada ya wimbo wa 6, nyamaza dakika moja. Chemsha chai. Halafu anza upande wa pili.

Kiingereza changu si kizuri. Nitaelewa?

Utaelewa mengi kwa sauti yenyewe. Harry hana koo la kutikisa dari kama wanamuziki wa kanisani. Alichonacho ni namna nyingi za kusema. Anaweza kubembeleza, kuamuru na kudhihaki ndani ya beti moja, na hilo halihitaji kamusi. Alikuwa na miaka 33 wakati wa kurekodi, mtu mzima aliyekwisha kuhudumu mezani klabuni na kuimba kwenye kundi la muziki wa kiasili miaka ya sitini. Hizi si nyimbo za msichana anayelia chumbani.

Kwa wanaopenda kushika uzi wa maneno, angalia tu mwanzo na mwisho. Wimbo wa kwanza mwanamke anapiga simu na anasihi ipokelewe. Wimbo wa mwisho anamwambia mtu aende zake. Sijui kama walipanga, lakini mimi siwezi tena kuusikiliza mmoja bila kuukumbuka mwingine.

Nyimbo za mwanzo zinanipita haraka mno. Ni kawaida?

Ni kawaida. Hanging on the Telephone unaisha baada ya dakika mbili na ushei. Ukiupoteza, urudishe mara moja kabla ya kuendelea. Ndio wimbo pekee ninaoruhusu kurudiwa katikati.

## Nyimbo zenyewe

Kwa nini albamu inaanza na mlio wa simu?

Kwa sababu ndipo kisa kilipo. Anayeimba yuko kwenye kibanda cha simu ya umma, anajua mtu wake yupo nyumbani, na simu inaita tu. Kijana aliyekulia na simu ya mkononi ajue kwamba siku hizo mtu asipopokea hukuwa na ujumbe wa kumwandikia wala alama ya kuonyesha kwamba ameona. Ulibaki umesimama na sarafu mkononi. Wimbo mzima una pumzi ya mtu huyo, na Burke anagonga kana kwamba sarafu zinakaribia kwisha.

Wimbo si wao kwa asili. Aliutunga Jack Lee, wa bendi ndogo iitwayo The Nerves, waliourekodi 1976.

One Way or Another ni wimbo wa mapenzi?

La, na tafadhali usiupige harusini. Miaka ya sabini Harry aliandamwa na mwanaume aliyekuwa mpenzi wake zamani. Alichofanya ni kuvaa sauti ya anayeandama, akaiimba kwa uchangamfu hadi msikilizaji anajikuta anapiga makofi kabla hajajua anashangilia nini. Mcharazo wa gitaa unaozunguka pale chini umejaa vitisho. Vijana wengi wanaujua kupitia One Direction, walioutoa 2013 kwa ajili ya hisani ya Comic Relief wakiuchanganya na wimbo mwingine, na sehemu ya video yao ilipigwa Ghana. Ule ni wa furaha tupu. Huu una meno.

Picture This unahusu nini?

Mtu anayeomba picha tu ya kuweka kwenye pochi. Sikiliza Harry anavyopandisha sauti kadiri wimbo unavyokwenda. Mwishoni amekwisha kuacha kuomba, anadai.

Mbona wimbo wa 4 unakwenda polepole kuliko mingine yote?

Fade Away and Radiate ndio unaowapoteza wageni wengi, nami nautetea. Chris Stein aliuandika kuhusu kutazama sinema za zamani kwenye televisheni usiku, nyota wale wamekwisha kufa lakini nuru yao bado inamulika chumba. Unaanza na dramu peke yake, nzito, zenye mwangwi. Kisha linaingia gitaa linalolia kama kitu kinachotoka mbali sana: huyo ni Robert Fripp wa bendi ya King Crimson, mgeni aliyealikwa. Mwishoni kabisa mdundo unageuka kuelekea regge, jambo ambalo hakuna mtu aliyelitarajia.

Zima taa kwa wimbo huu. Kama baada ya hapo bado huupendi, hatutagombana.

Upande wa pili una nini?

Unaanza na 11:59 wa Jimmy Destri, saa tano na dakika 59 za usiku, dakika moja kabla ya siku kugeuka. Kinanda chake kinakimbia hivyohivyo, kama kinaogopa saa sita isiingie. Unafuata Will Anything Happen?, wimbo mwingine wa Jack Lee. Halafu Sunday Girl na Heart of Glass, zilizojibiwa hapa chini, kisha I'm Gonna Love You Too wa enzi za Buddy Holly, ambao Wamarekani waliutanguliza sokoni kabla ya nyingine na haukwenda popote.

Wa kufunga ni Just Go Away. Hapo wanaume wa bendi wanaitikia kwa kelele huku Harry akimsema mtu. Msikilizaji aliyelelewa na taarabu atautambua mara moja: ni mipasho. Anayesemwa hatajwi jina, na kila aliyemo chumbani anajua ni nani. Rafiki yangu mmoja wa Tanga aliinuka akatunza.

Sunday Girl ni nani?

Ni paka! Harry alikuwa na paka aitwaye Sunday Man, akatoroka, naye Stein akatunga wimbo huu mwororo. Haumtaji paka, unamsimulia msichana, lakini ukishajua asili yake huzuni ile ndogo inaeleweka. Ulikuwa namba moja Uingereza Mei 1979.

Je, ni kweli Heart of Glass ulionekana kama usaliti?

Ni kweli, na ili kuelewa inabidi ukumbuke uadui uliokuwepo. Wapenzi wengi wa roki Marekani waliichukia disko kwa dhati. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, kreti zima la santuri za disko lililipuliwa kati ya mechi mbili za besiboli, umati ukavamia uwanja. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo Heart of Glass ulikuwa namba moja Marekani, ukiimbwa na watu wa CBGB. Baadhi ya wenzao wa Bowery waliona wamewauza.

Lakini wimbo haukutungwa kufuata upepo. Harry na Stein walikuwa nao tangu 1975, ukiitwa Once I Had a Love, na wenyewe kwa wenyewe wakiuita wimbo wa disko. Walikuwa hawajapata namna ya kuupiga. Ni Chapman aliyewauliza kama wana chochote kingine, wakautoa kama mtu anayetoa kanga ya zamani sandukuni.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya fundi saa. Waliwasha Roland CR-78, mashine ndogo ya midundo. Ndiyo unayoisikia ikitekenya mwanzoni. Kisha Burke akalazimika kupiga sambamba nayo, ngoma ya mguu ikarekodiwa peke yake, vingine vikafuata. Mpiga dramu aliyezoea kuchana stejini akafungwa kamba na mashine. Walikuwa wakiwafikiria Kraftwerk wa Ujerumani, watu wa muziki wa mashine, kama walivyowafikiria Bee Gees wa disko. Baridi ile ya mashine, na juu yake sauti ya mwanamke anayesema mapenzi yalivunjika kama kioo bila hata kutoa chozi: hapo ndipo wimbo ulipo. Usaliti siuoni. Naona watu waliokataa kuambiwa waishi upande mmoja wa barabara.

Katikati ya Heart of Glass nacheza halafu mguu unapotea. Kosa langu?

Si kosa lako. Wimbo unakwenda kwa mapigo manne, lakini kwenye kipande cha ala, Harry akiwa amenyamaza, mapigo yanakuwa saba. Hesabu: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu, halafu tena. Pigo moja limeibwa. Ukumbi mzima wa disko ulikuwa ukicheza juu ya hesabu hiyo bila kujua, na kila ninapoifikiria nafurahi upya.

## Jalada

Kwa nini wanaume wanacheka na yeye amekunja uso?

Wanaume watano wamevaa suti nyeusi na tai nyembamba, Harry katikati yao kwa gauni jeupe, mikono kiunoni, na nyuma yao mistari myeupe na myeusi. Mpiga picha ni Edo Bertoglio. Bendi haikulipenda jalada hilo. Hawakutaka kuonekana wakichekacheka. Mimi nadhani limewazidi akili wenyewe, kwa sababu mtu pekee asiyecheka ndiye unayemtazama.

## Kwa waliokwisha kunasa

Wimbo wa 10 kwangu una karibu dakika sita. Nimepata nakala mbovu?

Hapana. Matoleo ya kwanza ya santuri yalikuwa na Heart of Glass wa dakika 3 na sekunde 54. Wimbo ulipovuma, matoleo ya baadaye yaliwekewa ule mrefu wa disko, dakika 5 na sekunde 50, na nakala nyingi za mtandaoni zimefuata huo. Kama unaweza kuchagua, mara ya kwanza chagua mfupi. Ule mrefu ni wa siku ambayo viti vimesogezwa ukutani.

Nakala yangu ina nyimbo zaidi ya 12. Nisikilize zote?

Simama kwenye Just Go Away. Zinazofuata ni nyongeza za toleo la 2001: rekodi chache za jukwaani, na umbo la awali la Once I Had a Love. Hiyo ya mwisho irudie siku nyingine, ukiwa umeshasoma jibu la usaliti hapo juu. Utasikia mifupa ya wimbo kabla haujapata nyama.

Watoto wakiwepo ni sawa?

Kuna neno moja la kihuni ndani ya Heart of Glass, linapita haraka. Kwa One Way or Another, zungumza na mabinti zako kuhusu kile wimbo unachosema. Wangu waliuliza maswali mazuri kuliko ya wageni.

Nimesikiliza mara mbili na haijanigusa. Nifanyeje?

Iache wiki moja. Halafu cheza Hanging on the Telephone, Picture This na Sunday Girl tu, nyimbo tatu, ukiwa unafanya kazi ya mikono: unaosha vyombo, unapiga pasi. Wengi niliowapa dawa hiyo walirudi wakiimba moja ya tatu hizo bila kujijua.

Baada ya hii niende wapi?

Kwa msikilizaji wa kwetu, nenda The Tide Is High wa 1980. Ni wimbo wa John Holt na kundi lake la Paragons kutoka Jamaika, na Blondie waliupeleka namba moja pande zote mbili za Atlantiki. Kisha Rapture, ambao mwaka 1981 ulikuwa wimbo wa kwanza wenye kurap kufika namba moja Marekani. Ukivisikia hivyo utaona kwamba mguso wa regge mwishoni mwa wimbo wa 4 haukuwa wa bahati.

Bendi ingali hai?

Harry na Stein wapo. Clem Burke alifariki Aprili 2025, akiwa na miaka 70. Ukitaka kumsikia alivyokuwa kabla mashine haijamfunga, weka wimbo wa 8, Will Anything Happen?, ongeza sauti, na usisikilize kitu kingine chochote isipokuwa mikono yake. Kisha acha albamu iendelee. Nyimbo mbili mbele utamkuta amekaa kimya ndani ya Roland, akihesabu.